Umbo Moja kwa Wote

Ukisoma faili za lugha ya kompyuta iitwayo Go zilizoandikwa na watu wasiojuana kabisa, karibu zote zitakuwa na sura moja: mistari imejongezwa sawasawa, mabano yamekaa palepale, maelezo ya pembeni yamesimama safu moja. Kazi hiyo ni ya gofmt, programu iliyoandikwa na Robert Griesemer, mmoja wa watatu waliobuni lugha hiyo pamoja na Rob Pike na Ken Thompson. Go ilipotangazwa mwaka 2009, gofmt ilikuja nayo.

Kinachonivutia kwanza ni kwamba gofmt haimuulizi mtu anataka mtindo gani. Waandishi wa lugha ya C wamezozana miaka na miaka kuhusu mahali pa kuweka bano, kila timu na kanuni zake, na muda wa kukaguana kazi ukaliwa na nafasi tupu. Griesemer aliamua mara moja kwa niaba ya wote. Mtunzi wa utenzi naye huketi akijua kwamba kipande chake kina mizani 8. Jambo hilo halimsumbui, nguvu zake zinakwenda kwenye kisa. Baada ya gofmt, programu kama Prettier ya mwaka 2017 na Black ya mwaka 2018 zimeufuata msimamo huohuo katika lugha nyingine. Ila gofmt ina kiasi ninachokipenda zaidi: mstari mrefu haiukati. Pa kuuvunja anaamua mwandishi.

Faida ilionekana mapema. Kabla ya toleo la Go 1 kutoka mwaka 2012, maktaba zilibadilika mara kwa mara, na wenye lugha wakatoa gofix, programu ya kuandika upya msimbo wa zamani ulingane na maktaba mpya. Kwa kuwa umbo lilikuwa moja, mashine ikigusa mstari mmoja, ni huo tu ulioonekana kubadilika.

Lakini ufundi wenyewe uko kwenye maelezo, yale maneno ambayo mwandishi anawaachia binadamu wenzake katikati ya msimbo: onyo, sababu ya hesabu fulani, jambo lililobaki kufanywa. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa mashine, huyapita tu, haina haja nayo. Gofmt haina ruhusa hiyo. Husoma msimbo, ikaugeuza mti wa sarufi, kisha ikauandika upya kutoka kwenye mti huo. Na mengi ya maelezo hayana tawi lao humo. Huwekwa kando, kila moja na alama ya mahali lilipotoka, na wakati wa kuandika sharti lirudi karibu na kile lililokuwa likikifafanua. Je, maneno yaliyokaa kati ya mistari miwili ni ya mstari wa juu au wa chini? Na yale yaliyochomekwa ndani ya mabano, kati ya koma na koma? Sarufi ya lugha haijibu. Mwandishi wa gofmt alilazimika kufikiri watu huandikaje hasa, na kuwatilia maanani hata wenye mazoea ya ajabu. Maelezo yakihama mstari mmoja tu, kompaila itaipokea programu bila neno, na majaribio yote yatapita. Atakayeumia ni mtu aliyepewa kuitunza programu hiyo baada ya mwandishi wake kuhama kazi.