Msomaji wa Mawimbi

Fundi mmoja mzee wa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, alikuwa na mazoea ya kuanzia pembeni mwa karatasi, kwenye maandishi yake ya penseli, kabla hajatazama wimbi lolote. Hapa mgonjwa kapepesa. Hapa kameza mate. Hapa kafumba macho, na kweli kisogoni alfa inatokea, mawimbi 8 hadi 13 kwa sekunde, mpaka afumbue. Karatasi ilitembea milimita 30 kwa sekunde. Ukurasa mmoja, sekunde 10. Aliufunua, akakaa nao, ndipo akafunua mwingine.

Ukurasa mmoja sitausahau. Mtoto alikuwa ameambiwa aheme kwa nguvu, kama anayepuliza uji wa moto. Ghafla mistari yote ikapanda: mwiba na wimbi pana, mwiba na wimbi pana, mara tatu kila sekunde, kulia na kushoto kwa pamoja. Pembeni palikuwa na neno moja, “embe”. Fundi alilitamka wakati kalamu zikirukaruka. Zilipotulia akamuuliza mtoto ameambiwa nini, na mtoto akamshangaa: kwani kuna aliyesema kitu? Mwili haukuanguka wala povu halikumtoka, ila kifafa kilikuwa kimepita. Darasani mtoto huyo aliitwa mzembe, na fimbo alishakula.

Umbo hilo la mwiba na wimbi, madaktari Gibbs na Lennox walilieleza kule Boston mwaka 1935. Kabla yao Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alinasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, akaupima na kuupima tena, asichapishe mpaka 1929. Siku hizi nani angevumilia miaka mitano?

Sasa kompyuta inaweka alama penye kila kilichochongoka, na msomaji mwenye haraka anaitikia. Lakini msuli wa taya huchongoka. Jicho likipepesa huchora wimbi. Hata usingizi mwepesi wa mtu mzima wa afya una ncha zake, na wapo waliomeza dawa za kifafa miaka mingi kwa sababu ya ncha kama hizo. Wengine hurudishwa nyumbani kwa kuwa kipimo ni safi, ilhali kifafa hakikutokea tu katika nusu saa ya kipimo.

Ripoti nyingi ninazoziona zina maneno matatu: “si ya kawaida”. Wapi kichwani? Mgonjwa alikuwa akifanya nini? Nafasi ya maelezo imo kwenye programu, tena kubwa kuliko pembe ya ile karatasi. Haijazwi.