Kabla ya Kutupa Shafti Iliyokatika

Fundi ninayemheshimu kuliko wote ni yule ambaye, shafti ya mashine ya kusaga ikikatika, hakimbilii dukani. Huokota vipande vyote viwili, huvipangusa kwa kitambaa bila kuvigusa kwa msasa, kisha huvitoa juani na kuvigeuzageuza. Waliopanga foleni na madebe yao ya mahindi huona anawachelewesha. Mimi naona hapo ndipo ufundi ulipo.

Mahali palipokatika pana habari zote. Upande mmoja chuma ni laini, na juu yake pana mistari iliyopinda, mmoja nje ya mwingine, kama alama ambazo maji huacha mchangani yanapokupwa. Hapo ufa ulikuwa ukitambaa kidogo kidogo, mashine ikiwashwa na kuzimwa, na hakuna aliyejua. Upande wa pili umeparuza, umejaa chembechembe: ndiko shafti ilikokatikia ghafla. Sehemu hiyo ya mwisho ikiwa ndogo, basi mzigo haukuwa mkubwa. Ufa ulipewa muda tu. Fundi huifuata mistari kinyumenyume hadi chanzo chake, na mara nyingi hufikia kona ya kifereji cha kushikia puli, iliyochongwa ikaachwa kali. Mkerezaji angeiviringa kona hiyo kidogo, shafti ingekuwa inazunguka hadi leo.

Maarifa haya yamegharimu roho za watu. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya injini ya treni iliyotoka Versailles kwenda Paris ilivunjika, na watu zaidi ya 50 wakafa, wengi kwa moto. Miaka iliyofuata, huko Ujerumani, August Wöhler alizungusha ekseli zilizobebeshwa mzigo, mizunguko mingi sana, akathibitisha kwamba chuma huchoka: mzigo ambao hukihimili vizuri mara moja hukivunja ukirudiwa mno.

Beringi zataka jicho jingine. Iliyogeuka bluu iliungua, mara nyingi kwa kukosa grisi. Inayonistaajabisha zaidi ni ile yenye vishimo vilivyopangana sawasawa na gololi zake, ilhali haikuzunguka kamwe. Ni ya pampu ya akiba, iliyokaa sakafu moja na pampu inayofanya kazi, ikatikiswa usiku na mchana hadi gololi zikala njia zinamopita. Kuibadilisha tu hakutoshi. Shafti ya pampu hiyo izungushwe kwa mkono mara kwa mara.

Natamani kila gereji iwe na rafu ya vipande vibovu, kila kimoja kikiandikwa kilitoka mashine gani na ufa ulianzia wapi, wanagenzi wavishike kabla hawajakabidhiwa spana.