Wema wa Kampuni na Kipimo Chake

Atokaye Kiptere kwenda mjini Kericho huyaona mashamba makubwa ya chai. Humo makampuni yalijenga nyumba, shule na hospitali kwa ajili ya wachumaji. Hayo ni mema, wala si haki kuyakana. Tena mwaka 2007 mashamba ya kampuni ya Unilever huko Kericho yalipata cheti cha Rainforest Alliance, ili mnywaji wa mbali anywe chai yake kwa moyo mweupe.

Lakini mwezi wa Februari 2023 BBC ilitangaza habari za wanawake zaidi ya 70, waliosimulia jinsi walivyotakwa miili yao na wasimamizi katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay.

Kwa nini cheti hakikuyafichua hayo? Mkaguzi huhesabu nyumba, hofu haihesabiki. Mchumaji hamwambii mgeni neno, maana kesho mgeni atakuwa amekwenda zake, na msimamizi yupo.

Basi, msomaji, usiupime wema wa kampuni kwa majengo wala kwa alama ya pakiti. Uliza hili: je, mchumaji aliye mnyonge kuliko wote aweza kumshtaki msimamizi wake, na kesho akaamkia kazini?