Kilo 34.5 ndani ya lita mbili na nusu

Mtungi wa zebaki ni mdogo kiasi cha kudanganya macho. Ukubwa wake ni wa chupa ya lita mbili na nusu, lakini anayeunyanyua kwa pupa huumia mgongo, maana ndani mna kilo 34.5. Wafanyabiashara wa zebaki wamekitumia kipimo hicho miaka na miaka, na kwa maoni yangu ndicho kinga ya kwanza: mtu anaweza kuubeba, na ukivuja, kinachomwagika kina mpaka.

Mtungi wenyewe ni wa chuma, na sababu ipo. Zebaki hulainisha dhahabu, fedha, bati na zinki, ikazigeuza rojo. Ndiyo sifa inayomfanya mchimbaji mdogo wa Geita aitafute. Chuma haikili. Aluminiamu ndiyo yenye balaa: tone likipita penye mkwaruzo, utando unaoikinga haujifungi tena na metali inaendelea kuliwa. Marubani hawataki hata kusikia kwamba limedondoka ndani ya ndege.

Kazi ninayoisifu ni ya Marekani, iliyokuwa na tani 4,436 za zebaki katika akiba yake ya malighafi za ulinzi. Mitungi 128,662 ilikuwa imetawanyika katika maghala kadhaa, mingine ikiwa imekaa humo miongo mingi. Wepesi wangesema imiminwe kwenye matangi makubwa. Lakini kumimina ndiko kunakoleta hatari, kwa sababu zebaki hutoa mvuke hata bila kupashwa moto. Katika chumba kilichofungwa chenye nyuzi joto 20, hewa inaweza kubeba miligramu 13 hivi kwa mita ya ujazo, mara mia kadhaa ya kiwango kinachokubalika kazini. Mvuke huo hauna rangi wala harufu.

Basi mitungi ikaingizwa na zebaki yake ndani ya mapipa ya chuma, sita kwa kila pipa, pamoja na plastiki na kitu cha kufyonza. Mapipa matano yakapangwa kwenye paleti moja, juu ya sinia la kukinga uvujaji. Piga hesabu: paleti moja ina zaidi ya tani moja ya zebaki, na ukiitazama kwa mbali unaona nafasi tupu tele ambayo mtu asiyejua angeijaza. Mwishowe shehena ikakusanywa Hawthorne, Nevada, jangwani, ambako chuma hakiliwi na kutu upesi.

Tangu 1 Januari 2013 Marekani imekataza kuuza nje zebaki yake, kwa hiyo ulinzi wa mapipa hayo hauna tarehe ya kwisha. Ulaya imechagua njia nyingine. Kanuni yake ya mwaka 2017 inataka taka za zebaki zigeuzwe kwanza kuwa salfidi ndipo zizikwe moja kwa moja. Salfidi ya zebaki ndiyo jiwe lile lile lililochimbwa Almadén, Hispania, kwa karne nyingi.