Marufuku ya 'Rosa Mistika' ilimlinda nani?

Juzi jirani yangu alinisimamisha langoni akiwa na nakala ya 'Rosa Mistika' aliyoikuta mkobani mwa bintiye wa kidato cha tatu. "Profesa, hiki kitabu si kitaniharibia mtoto?" Nilimwambia swali lake ni la tangu 1971.

Mwaka huo Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, alichapisha riwaya hii, ya kwanza kwake. Wasomaji waliipapia, wakuu wa elimu Tanzania wakaipiga marufuku madarasani. Eti ilikuwa chafu. Baadaye ilikubaliwa, ikasomeshwa katika shule za sekondari huko na hapa Kenya.

Nashuku waliokataza hawakuisoma. Au waliisoma wakajiona humo! Zakaria, babake Rosa, ni mlevi anayemcharaza bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Hazungumzi naye, hamwelezi lolote. Anamlinda kwa kiboko na kimya, hivyo Rosa anapokwenda masomoni, mbali na macho ya baba, hana ajualo kuhusu wanaume. Na wanaomwinda huko si wahuni wa vichochoroni tu. Wamo wenye vyeo, wamo walimu. Basi riwaya inayowaanika walimu wanaowatumia vibaya wasichana ndiyo iliyoondolewa mikononi mwa wasichana hao. Marufuku hiyo ilimlinda mwanafunzi au mwalimu? Mimi naona ilikuwa kiboko cha Zakaria, safari hii kikiwa na muhuri wa serikali.

Sisemi kazi hii haina doa. Mwisho wake hunikera hadi leo. Rosa anajitoa uhai, na ni kama mwandishi anakubaliana na wanaoamini kwamba msichana 'aliyeharibika' hana pa kurudi. Darasani mwangu suala hilo huzua ubishi kila mwaka. Mwanafunzi mmoja wa kike aliwahi kuniuliza kwa nini Kezilahabi hakumwacha Rosa azeeke tu, kama wanaume wanavyozeeka na yao. Sikuwa na jibu la maana. Lakini swali kama hilo huulizwa na aliyekisoma kitabu, si aliyenyang'anywa.

Nilimuuliza jirani kama amezungumza na bintiye. La, alikichukua tu mkobani, kimyakimya. Nikamsihi akisome hadi mwisho, si kirefu, kisha amrudishie mwenyewe mkononi.