Tandiko, Seruji na Farasi wa Mawe

Mtu aingiaye Ngomeni, Mombasa, akavitazama vyombo vya Kichina vilivyohifadhiwa humo, huenda akadhani kuwa sanaa ya Uchina ni maua na ndege tu. Ndivyo ilivyotufikia pwani: kwa mabakuli yaliyoletwa baharini, mengine yakapachikwa hata katika kaburi la mnara la Mambrui. Farasi wa Kichina twamjua kwa picha za vitabuni, na tunapotaka kumweleza kwa Kiswahili ndipo lugha yetu inapotahiniwa.

Mfano ulio bora ni mawe sita aliyoamuru mfalme Taizong mwaka 636 yachongwe kwa ajili ya kaburi lake, kuwakumbuka farasi aliowapanda vitani. Manne yako Xi'an, mawili Philadelphia, Marekani. Katika moja la hayo mawili, jemadari Qiu Xinggong amesimama mbele ya farasi Saluzi, akimng'oa mshale kifuani. Tandiko limekazwa, wala hapana aliyeketi. Mfalme hayumo katika jiwe hata moja kati ya yote sita. Twamjua kwa kiti chake kitupu.

Nimeandika "tandiko" kwa makusudi, nami nakiri kuwa halitoshi. Twatandika kitanda, twatandika mkeka, twamtandika farasi: neno hili humwonyesha msomaji kitu laini kilichotandazwa. Alichobeba Saluzi ni kiti kigumu chenye kingo zilizoinuka mbele na nyuma, na nguo imetandikwa chini yake. Kamusi za zamani zina neno seruji, lenye asili ya Kiarabu, nalo lafaa kwa kiti. Tandiko libaki kwa nguo. (Shogi, ambalo wengine hulikimbilia, ni la mizigo ya punda, tusimvunjie heshima mfalme.)

Kikuku ni neno zuri zaidi, kwani pambo la mkono au mguu limegeuka kuwa mahali pa kukanyagia. Nalo lataka uangalifu. Farasi wa udongo waliozikwa karibu na kaburi la Qin Shi Huang, aliyefariki mwaka 210 K.K., wana matandiko bila vikuku. Sanamu ya kaburi moja la Changsha, la mwaka 302, ina kimoja tu, upande wa kushoto, cha kupandia. Jozi kamili ilipatikana katika kaburi la Feng Sufu, aliyefariki mwaka 415. Mtafsiri atakayewavika wote hao "matandiko" pasipo kupambanua atakuwa amefuta karne sita.

Uzembe huu una ndugu yake katika uhakiki wa tenzi. Mara nyingi nimesikia ikisemwa kwamba farasi wa Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, ni pambo tupu, kwa kuwa mbung'o waliwazuia farasi kuenea katika nchi zetu. Hoja hiyo ni dhaifu. Mtunzi alirithi visa vya vita pamoja na msamiati wake, kama mchongaji alivyorithi kanuni za ufundi wake. Lililo juu ya mhakiki ni kuuliza ni wapi mtunzi ataja hatamu, lijamu na seruji, ni wapi aziacha, na mpandaji yuko wapi wakati huo. Orodha hiyo, ubeti kwa ubeti, ingekuwa kazi njema ya muhula mmoja kwa wanafunzi wetu.