Ubao wa Mchangani na Ubao wa Sandukuni

Msomaji mwema, watu wengi hudhani kwamba uhakiki ni kazi ya kupima vitabu peke yake. Lakini mchezo nao hutungwa. Nao huwafanya watu wakae, wafikiri, wafurahi na wakasirike. Kitu chenye nguvu hiyo chastahili kupimwa. Basi natupime pamoja michezo miwili ya ubao: mmoja wa zamani uchezwao mchangani, na mmoja wa kisasa utokao sandukuni. Vipimo vyetu viwe vitatu. Mchezo huitaka akili ifanye nini? Humtendeaje anayeshindwa? Na je, humpa nani nafasi ya kuketi?

Hapa Eldas, katika Kaunti ya Wajir, jua likianza kuinama utawaona wazee chini ya mti wamechora mchangani miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, iliyounganishwa kwa mistari katikati ya pande zake. Huo ndio shax, mchezo wa Wasomali. Herufi ya mwisho hutamkwa kama h nzito ya Kiarabu. Kila mchezaji ana kete 12, mawe kwa huyu na vijiti kwa yule. Huziweka kwa zamu hata pembe na makutano yote 24 yajae. Kisha kila mmoja humwondolea mwenzake kete moja, na hapo mwendo huanza. Apangaye kete tatu katika mstari mmoja humnyang'anya mwenzake moja.

Kwa kipimo cha kwanza, shax hauna aibu mbele ya mchezo wowote duniani. Hauna dadu wala bahati. Asiyeona mbele huangamia. Gharama yake haifiki hata senti moja, na jiwe likipotea, jingine li karibu na mguu wako. Lakini kwa vipimo vingine viwili una kasoro. Bingwa humshinda mwanagenzi leo, kesho na keshokutwa, mpaka mwanagenzi akate tamaa. Tena ni mchezo wa watu wawili tu. Na katika vivuli vyote nilivyopita mimi, sikuona hata mara moja msichana akiitwa aketi.

Likizo moja nilirudi kutoka Nairobi na sanduku la mchezo uitwao Catan, uliotungwa na Mjerumani Klaus Teuber na kutolewa mwaka 1995. Ubao wake ni kisiwa cha vipande 19 vya pembe sita, ambavyo huweza kupangwa upya kila mara. Wachezaji ni watatu au wanne. Ardhi huwapa mbao, matofali, sufu, nafaka na madini, nao hujenga njia na makazi. Wa kwanza kupata pointi 10 ndiye mshindi. Kwa kawaida mtu hawezi kufika mbali kwa mali yake peke yake: hana budi kubadilishana na wenzake. Watoto waliokulia kwenye mnada wa mbuzi hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo.

Katika kipimo cha pili sanduku hili lina sifa kubwa. Katika Monopoly, mchezo ambao kampuni ya Parker Brothers ilianza kuuza Marekani mwaka 1935, aliyefilisika hutoka nje, akabaki kutazama wenziwe wakila. Katika Catan hakuna afukuzwaye. Hata aliye nyuma huendelea kupanga bei mpaka mwisho.

Lakini usidhani, msomaji, kwamba kila king'aacho ni dhahabu. Kijitabu cha sheria ni cha Kiingereza, na tulitumia jioni mbili kabla ya kumaliza mchezo mmoja. Upepo wa Eldas ulipeperusha kadi. Kipande kikipotea, hakuna duka la karibu la kukirudisha. Kisha likaja zito kuliko yote. Mzee mmoja aliona sanduku, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, dadu hatuzitaki shuleni. Kwetu ni mlango wa kamari."

Nikajibu, "Nimesikia, mzee," nikalifunga sanduku.

Sikutaka kubishana naye, kwa kuwa hofu yake ilikuwa ya mlezi. Aliyetufungulia njia ni msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye darasani hakuwa msemaji. Alisema kwamba dadu mbili huweza kuanguka kwa njia 36: jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6, jumla ya 2 kwa njia 1 tu. Basi tukate vikaratasi 36, tuviandike nambari kwa hesabu hiyo, tuvitie katika kopo, na kila kilichotolewa kirudishwe. Tulifanya hivyo. Nilimpelekea mzee lile kopo. Akachungulia, akauliza kama kuna fedha inayowekwa. Nikamwambia hakuna hata ndururu. Akatupa ruhusa.

Tangu siku ile yule msichana hukaa mezani pamoja na wavulana, na wao humwogopa kwa haki. Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, na shax je? Wasichana tumekatazwa na nani?" Nilitafuta sheria ya kumjibu, sikuipata. Tukachora miraba mitatu uani.

Hukumu yangu ni hii. Kwa akili, shax ni mshindi. Kwa kumtunza anayeshindwa, Catan una utu zaidi. Ama kuhusu nani aketi, hakuna ubao wowote uliomkataza mtu: watu ndio wakatazao. Mgeni wa sandukuni alikuwa na faida moja: alikuja bila mazoea, kwa hiyo kila mtu aliweza kumsogelea.

Wewe mwanafunzi, usisubiri sanduku kutoka mbali. Mchanga unao, mawe unayo, na kopo la kutupwa halikosekani. Tunga mchezo wa visima, malisho na safari za ngamia, uandike sheria zake kwa lugha ambayo wenzako wote wanaielewa. Ukisha, uupime kwa vipimo vile vitatu. Na kabla hujaanza kucheza, tazama pembeni uone ni nani amesimama.